Pikipiki za Kirusi za Zamani: Kwa Nini Watu Wanapenda Mashine Inayowasumbua?



Tangu mwaka wa 1961, wakati universite moja ya Moscow ilipopewa jina la Patrice Lumumba, Wakongomani wengi wamepita Urusi kwa ajili ya masomo. Mimi pia nimepita huko. Nilisoma mekanika katika mji wa Ekaterinburg, upande wa milima ya Ural. Kila mara tukikutana munaniuliza habari za baridi na theluji. Haina shida, baridi nimeiona, na theluji nimeifyagia. Lakini leo nataka kuwaeleza kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kuniuliza: pikipiki zao za zamani.

Mtu akiziona mara ya kwanza anaweza kucheka. Zimekaa kama za kwenye picha za vita. Ziko nzito, zina kelele, zinavuja mafuta, na mwendo wake si wa kujivunia. Hata hivyo kuna watu, huko Urusi na hata Ulaya na Marekani, ambao hawawezi kuzibadilisha na pikipiki mpya ya Kijapani. Je, ni wazimu? Ni kukumbuka ujana tu? Mimi nadhani kuna sababu nyingine, na sababu hiyo inatuhusu hata sisi ambao mji mzima unatembea juu ya migongo ya motari.

Kwanza, zilitoka wapi?

Tunasema "za Kirusi" kwa kuzoea, lakini neno la kweli ni za Kisovieti. Ural zilitengenezwa Irbit, mji mdogo ulio mashariki ya Ekaterinburg. IZh zilitoka Izhevsk, mji uleule unaojulikana kwa bunduki za Kalashnikov. Dnepr zilitoka Kiev, kwa hiyo ni za Ukraine. Minsk zilitoka Belarusi. Wote walikuwa nchi moja wakati ule, leo ni nchi tatu, na siyo vizuri kumpa mmoja sifa za wote.

Baba wa Ural na Dnepr ni pikipiki moja ya jeshi iliyoitwa M-72. Nayo ilinakiliwa kutoka kwa BMW R71 ya Wajerumani. Moteri yake ina silinda mbili zilizolala, moja inachomoza kushoto, nyingine kulia, kama mtu aliyenyoosha mikono. Nguvu haiendi kwenye gurudumu la nyuma kwa mnyororo, inaenda kwa kadani, yaani mti wa chuma unaozunguka, sawa na kwenye camion. Mnyororo ukiwa kwenye matope unakulika haraka, kadani haikuliki hivyo.

Mwaka wa 1941 Wajerumani walipoishambulia nchi na kuanza kukaribia Moscow, kiwanda cha pikipiki cha Moscow kilifungwa kwenye treni, mashine kwa mashine, kikapelekwa mbali hadi Irbit. Jengo kubwa lililopatikana kule lilikuwa kiwanda cha zamani cha bia. Wakaingia humo. Februari 1942 kundi la kwanza la pikipiki likaondoka kwenda kwenye vita. Hadi vita vinaisha, kiwanda hicho kilikuwa kimetoa karibu pikipiki 9,800. Ni kusema, mashine hii ilizaliwa mahali ambapo hakukuwa na muda wa urembo. Ilipaswa kutembea, na ikikufa njiani, askari aifufue kwa vyombo alivyonavyo.

Zile ndogo, zenye moteri ya mipigo miwili, zina historia ya namna yake. Kisha Ujerumani kushindwa, washindi walichukua michoro na mashine za kampuni ya DKW. DKW RT 125 ikawa Moskva, kisha Minsk. DKW NZ 350 ikawa IZh 350. Na musifikiri ni Wasovieti peke yao walionakili. RT 125 hiyohiyo ndiyo Waingereza walifanya BSA Bantam, Wamarekani wakafanya Harley ndogo, na Wajapani wakafanya YA-1 ya mwaka wa 1955, pikipiki ya kwanza kabisa ya Yamaha. Kwa hiyo zile Yamaha ambazo tuliona wakipanda mapadri na watu wa mashirika katika vijiji vyetu, na Minsk ya Belarusi, kwa upande wa babu ni ndugu.

Tofauti ni nini basi? Yamaha walinakili mara moja, kisha wakaendelea mbele, kila miaka michache kitu kipya. Wasovieti walibaki karibu na ile nakala. Moteri ya silinda zilizolala ilibadilishwa kidogo kidogo: ile ya M-72 ilikuwa na sentimita za ujazo 746 na nguvu za farasi 22, na miaka zaidi ya thelathini baadaye Ural M-67-36 ilikuwa na 649 na farasi 36, kama jina lake linavyosema. Lakini ukiziweka pamoja, hata mtoto ataona kwamba ni mama na binti.

Juu ya nini hazikubadilika? Kwa sababu kiwanda hakikuwa kinashindana na mtu. Serikali ilipanga idadi, kiwanda kikatoa idadi. Mnunuzi hakuwa na duka la pili la kukimbilia. Na gari lilikuwa ndoto: hata mwenye pesa alisubiri kwenye orodha miaka na miaka. Katika kijiji, pikipiki yenye kigari cha ubavuni ndiyo ilikuwa gari la jamaa. Baba anaendesha, mama nyuma, watoto ndani ya kigari. Kesho yake kigari kilekile kinabeba viazi, majani ya ng'ombe, bidoo za maziwa, hata mbuzi. Sisi tunaojua motari anayebeba mifuko miwili ya makaa na mama mwenye mtoto hatuwezi kushangaa.

Sasa tuje kwenye vituko vyake

Cha kwanza ni kuiwasha. Kiki ya Ural iko upande wa kushoto, na haiendi mbele na nyuma kama tulivyozoea, inafunguka kwenda nje. Sababu ni kwamba moteri yenyewe imelazwa kwa urefu wa pikipiki. Mtu anasimama pembeni, upande wa kushoto, anakanyaga kwa mguu wa kuume. Anayekaa juu yake na kutafuta kiki chini ya mguu wa kuume, wenyeji wanamjua palepale kuwa ni mgeni.

Cha pili ni kigari. Hapa ndipo ufundi wote wa mtu anayejua pikipiki unaanguka. Pikipiki ya kawaida unailaza kwenye kona, mwili wako na mashine vinaenda pamoja. Yenye kigari hailali, unageuza usukani kwa nguvu za mikono kama unapiga makasia. Tena kigari kiko kulia, na kina uzito wake. Ukiongeza mwendo, kigari kinabaki nyuma na mashine inavutwa kulia. Ukifunga freni, kigari kinataka kuendelea na safari, mashine inavutwa kushoto. Ukikata kona ya kulia kwa haraka, gurudumu la kigari linanyanyuka hewani. Ndiyo maana anayejifunza anawekewa mfuko wa mchanga au wa viazi ndani ya kigari, ili kikae chini. Mimi mwenyewe nilipojaribu, mfuko wa viazi ulinifaa kuliko mafundisho yote niliyopewa.

Cha tatu, kuna zinazotembea kwa magurudumu mawili yenye nguvu: la nyuma na la kigari. Dnepr MT-16 ilikuwa hivyo muda wote, sababu kuna diferansieli inayogawa nguvu. Ural Gear Up ni tofauti: ukifika kwenye matope au theluji unafunga kwa mkono, magurudumu mawili yanazunguka sawasawa, na inatoka mahali ambapo gari linabaki. Lakini hakuna diferansieli ya kuyatenganisha. Ukisahau kufungua na ukaingia kwenye lami kavu, usukani unakataa, mashine inataka kwenda moja kwa moja tu, na vyuma vya ndani vinateseka. Na ziko pia zenye viteesi ya kurudi nyuma, kitu ambacho kwenye pikipiki mtu haoni kila siku.

Cha nne ni wale wadogo wa mipigo miwili, IZh, Minsk na Voskhod. Hazina valvu, na mafuta ya moteri yanachanganywa ndani ya esansi, karibu litre moja kwa litre ishirini na tano. Ukizidisha, moshi mweupe unakufuata kama mkia na bujii inachafuka. Ukipunguza, pistoni inakamata, na safari imekwisha. Lakini zina vipande vichache sana vinavyotembea. Ndiyo maana Minsk zilipendwa katika milima ya kaskazini ya Vietnam, mahali ambapo fundi wa kijiji aliweza kuifungua yote chini ya mti na kuifunga tena kabla jua halijatua.

Fundi ni nani? Ni wewe

Hapa ndipo ninapotaka tusimame kidogo.

Katika Umoja wa Kisovieti, mtu aliyenunua Ural alipewa pamoja nayo mfuko wa vyombo: kle za ukubwa mbalimbali, pampu, vyuma vya kutolea mpira, na kibao chembamba cha kupimia nafasi ya valvu na ya bujii. Alipewa na kitabu. Kitabu hicho hakikuishia kumwambia "peleka kwa fundi". Kilimweleza namna ya kurekebisha valvu, namna ya kusafisha karbirateri mbili na kuzifanya zivute sawasawa, namna ya kufungua gurudumu. Na magurudumu yenyewe yalikuwa ya ukubwa mmoja: la mbele, la nyuma, la kigari na la akiba, yote yanabadilishana. Kulikuwa pia na gazeti la Za Rulem, lililoanza mwaka wa 1928, ambalo liliwafundisha raia wa kawaida kutengeneza vyombo vyao vya usafiri.

Tena pikipiki mpya haikuwa tayari. Kilomita elfu mbili na zaidi za mwanzo ulipaswa kwenda polepole, kubadilisha mafuta mapema, kukaza bulo zote, kusikiliza. Mafundi wa huko wanapenda kusema kwamba kiwanda kilimuuzia mtu vipande vilivyofungwa pamoja, kazi ya kuvifanya pikipiki ikabaki kwa mnunuzi.

Wakati wa likizo nilialikwa katika kijiji cha rafiki niliyesoma naye. Babu yake alikuwa na Ural ya miaka ya 1970. Mzee yule hakuwa na diplome ya mekanika. Lakini alitoa bujii, akaitazama kama daktari anavyotazama ulimi wa mgonjwa, akaniambia: "Soma." Nyeusi yenye masizi, ni kusema esansi imezidi hewa. Nyeupe kabisa, hewa imezidi na moteri inapata joto la hatari. Rangi ya kahawa yenye maziwa, mambo iko sawa. Mambo hayo nilikuwa nimeyajifunza kwa ubao na kwa formula. Yeye aliyajua kwa vidole, na aliyajua sababu pasipo kuyajua, hangefika mjini kuuza viazi.

Kwa hiyo jibu langu kwa ile swali ya mwanzo ni hili. Watu wanazipenda kwa sababu hakuna sehemu yake iliyofungiwa mwenyewe. Kila kelele ina maana, na maana hiyo mtu wa kawaida anaweza kuisoma. Ukiisha kuifungua moteri mara tatu na kuifunga, na ikawaka, wewe na mashine hamuko tena mnunuzi na bidhaa. Ni yako kwa namna ambayo risiti haiwezi kuleta.

Lakini tusiimbe sifa tu

Wandugu, mimi sitaki mufikiri kwamba kila cha zamani ni dhahabu. Ile hali ya kila mtu kuwa fundi haikutoka kwenye upendo wa kiwanda kwa raia. Ilitoka kwenye upungufu. Garaji zilikuwa chache, vipande vya kubadilisha vilitafutwa kwa kujuana, na kazi mbovu ya kiwandani ilisukumwa kwa mnunuzi. Kuna mabatch ambamo chuma kilikuwa laini, umeme ulikuwa dhaifu, na freni za ngoma za pikipiki yenye kilo zaidi ya mia tatu hazikutosha kwa mtelemko. Ukiwa na Ural, mwendo mzuri wa kusafiri ni kama kilomita 80 au 90 kwa saa, kuzidi hapo unaikosea. Esansi inaweza kufika litre 8 kwa kilomita mia, karibu na gari dogo.

Na kuna gharama ambayo wapenzi wake hawaitaji sana: muda. Ile Jumapili mzee anayolala chini ya pikipiki, kuna mtu mwingine anayechota maji na kulisha ng'ombe. Bibi ya yule mzee aliniambia kwa kucheka kwamba katika ndoa yao walikuwa watatu. Alicheka, lakini nilisikia.

Kwa hiyo ubaya na uzuri wa mashine hizi una mzizi mmoja. Kwa sababu hakukuwa na huduma, mashine ilipaswa kueleweka. Na kwa sababu ilieleweka, ikaishi miaka hamsini. Hatuwezi kuchukua nusu ya habari hii na kuacha nusu.

Leo ziko wapi?

Baada ya mwaka wa 1991 mambo iligeuka haraka. Mipaka ikafunguka, magari ya Kijapani yaliyotumika yakaingia, kisha pikipiki za Kichina za bei ndogo. Mwanakijiji aliyesubiri gari miaka kumi sasa akalipata kwa wiki. Kiwanda cha Kiev kikasimama. Izhevsk nao wakaacha pikipiki katika miaka ya 2000. Irbit waliendelea, lakini kwa idadi ndogo sana, na wanunuzi wao wengi wakawa Wamarekani na watu wa Ulaya. Waliwasikiliza: wakaweka moteri ya 750, freni nzuri za Brembo, na tangu 2014 esansi inapimwa na kompyuta, siyo na karbirateri tena. Mwaka wa 2022, vita vya Ukraine vilipoleta vikwazo, kazi ya kuziunganisha ikahamishwa hadi Petropavl, katika nchi ya Kazakhstan. Kiwanda ambacho kilikimbia vita mwaka wa 1941 kimehamishwa na vita mara ya pili.

Zile za zamani bado zinatembea vijijini, lakini wenye kuzisikiliza wanazeeka. Hapo ndipo kuna hatari ya kweli. Chuma chaweza kukaa kwenye ghala miaka arobaini na bado kikawaka. Masikio ya mzee hayakai ghalani. Mjukuu wake, yule rafiki yangu, ni mhandisi mzuri kabisa, na anaendesha gari ambalo likiwasha taa nyekundu hana la kufanya ila kupiga simu.

Na sisi je?

Siwashauri mununue Ural. Vipande vyake mutavitoa wapi? Lakini angalieni hizi za India na za Uchina ambazo zinabeba miji yetu. Hazikupendwa kwa urembo. Zilipendwa sababu kijana wa barabarani anaweza kuzifungua na kle nne, na kipande kinapatikana sokoni. Hicho ndicho kilichowapa motari kazi, na mafundi kazi, bila kungoja mtu wa mbali.

Sasa pikipiki za umeme zimeanza kuingia Afrika. Nyingi ni nzuri, hazina moshi, na kwa mwenye kulipa esansi kila siku ni faida. Sizipingi. Ninaomba tu kwamba sisi tuliosoma, tunapoombwa ushauri na jamaa, na parokia, na cooperative za motari, tuwasaidie kuuliza maswali matatu kabla ya kusaini. Kitabu cha kuitengeneza kiko, na kiko katika lugha ambayo fundi wetu anasoma? Kipande kikiharibika, kinauzwa peke yake ao lazima kununua kizima? Na kijana wa hapa akiifungua, mashine itakubali kuwaka tena, ao itangoja ruhusa ya kompyuta ya mwenye kiwanda?

Mzee wa kile kijiji hakuwa na maneno hayo, lakini Ural yake ilikuwa imejibu ndiyo kwa yote matatu. Kwa mengine yote ilikuwa mashine ya kusumbua, na alikuwa wa kwanza kuitukana kila asubuhi ya baridi. Kisha aliinama, akakanyaga kiki, mara moja, mara mbili, mara tano, ikawaka.